Kabla hujanunua filta, jua unataka kutoa nini: hotuba nzima kwa ambao hamkufika

Wengi mliniambia hamtaweza kuja na mkaomba niandike niliyosema kuhusu filta za maji ya bomba, basi haya hapa, nimeyaacha yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziruka maana bila mimi kusimama pale nikielekeza kidole hazisemi kitu.

*

Ndugu zangu, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliojibana huko nyuma karibu na mlango, habari za jioni. Sogeeni mbele bwana, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie maji ya bomba, yale madawa yanayotiwa humo, na namna ya kuyatoa nyumbani. Nimekubali haraka kwa sababu mimi nikikaa na watu nikasema kazi yangu ni maji, swali la kwanza huwa ni lilelile: ninunue filta gani? Na mimi huwa sijibu, narudisha swali. Unataka kutoa nini? Hapo kimya. Akijibu anasema uchafu. Uchafu gani? Madawa. Dawa gani? Kimya tena.

Sasa nawauliza ninyi wote mliopo hapa. Unataka kutoa nini? Nyoosha mkono unayejua maji yako ya bomba yametiwa nini. Naona mikono miwili, na mmoja ni wa mtu niliyekuja naye.

Sawa. Hilo ndo neno langu la leo, nitalirudia mpaka mnichoke: filta haitoi "uchafu", filta inatoa vitu fulani na vingine inaviachia vipite. Usipojua jina la kitu unachokitafuta utanunua chombo kizuri, cha kung'aa, na kile kitu kitapita humo kila siku mpaka kwenye glasi yako, na wewe una amani kabisa. Tena hiyo amani ndo inayoniogopesha, afadhali yule asiye na filta, yeye angalau bado anajiuliza.

Tuanze na klorini, maana ndo inayolalamikiwa kuliko zote. Ile harufu asubuhi ukifungua koki, yaani unadhani umeingia kwenye bwawa la kuogelea, si ndiyo? Watu wananiambia haya maji yana dawa kali yatatuua. Wengine pua zao zinaisikia hata ikiwa miligramu 0.3 tu kwa lita, na hicho ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linataka maji yakifika bombani kwako yabaki na angalau miligramu 0.2 kwa lita, na kikomo chao cha juu ni miligramu 5. Kwa hiyo kunusa tu klorini hakumaanishi imezidi.

Ilikujaje humo? Mwaka 1908 mji wa Jersey City kule Marekani ulikuwa mahakamani na kampuni iliyokuwa inawauzia maji, mji unasema maji si safi kama mkataba ulivyoahidi, na jaji akaiambia kampuni itafute njia. Daktari mmoja aliyekuwa upande wa kampuni, John Leal, akaona jibu ni chokaa ya klorini, ile poda ya kung'arishia nguo. Hebu fikirieni, poda ya kufulia unaitia kwenye maji ya kunywa ya mji mzima! Mtambo ukaanza kazi Septemba 1908, na kesi ikarudi mahakamani, safari hii hoja ni hiyo poda. Wakambana. Wewe mwenyewe unayanywa haya maji? Ndiyo. Utampa mkeo na familia yako? Akasema hana wasiwasi. Mwishowe mahakama ikakubaliana naye, na baada ya hapo mji hata mji ukaiga, homa ya matumbo ikashuka kila ilikoingia.

Nimewasimulia hii ili mjue kwamba mimi sijaja hapa kuitukana klorini. Klorini ni mlinzi, anayasindikiza maji kutoka mtamboni, kilomita kwa kilomita, kwenye mabomba yenye nyufa, mpaka mlangoni kwako. Akishakufikisha, unaweza kumuaga. Swali ni unamuagia wapi.

Kuna nyumba moja niliitwa, mwenyewe ameweka filta kubwa ya mkaa pale maji yanapoingia kiwanjani, kabla ya tangi. Kazi safi, mabomba yamenyooka, anajivunia. Lakini maji yakitoka jikoni yana harufu ya tope na yeye analaumu mamlaka ya maji. Tukapanda kwenye tangi, tukafunua, ukuta wa ndani unateleza, una utando mzito unaukwangua kwa kucha. Unajua kilichotokea? Amemfukuza mlinzi getini, halafu maji yakakaa kwenye tangi lenye joto siku nzima peke yao. Tulisafisha tangi, tukaiondoa ile filta pale chini, tukaweka ndogo tu chini ya sinki la jikoni. Harufu ikaisha.

Kwa hiyo nasema, na andikeni hili: klorini itolewe mwisho kabisa. Kwenye koki ya kunywea, kwenye jagi, kwenye glasi. Isitolewe kabla ya tangi. Nasema tena, isitolewe kabla ya tangi. Na ukishaitoa, hayo maji yafunike na uyanywe mapema, usiyaweke kwenye ndoo wiki nzima maana hayana kinga tena.

Itolewe kwa nini? Njia ya bure kabisa ni kuyaacha kwenye chombo kipana bila kifuniko, juu yake kitambaa safi kuzuia wadudu, usiku kucha, klorini inajiondokea yenyewe hewani. Kuchemsha kunaharakisha. Vitamini C nayo inaiua palepale, miligramu 2.5 hivi kwa kila miligramu 1 ya klorini, yaani punje ya unga tu kwa jagi zima, na wanaofuga samaki wana dawa yao nyingine ya matone inayofanya kazi hiyohiyo. Lakini cha kila siku, kisicho na usumbufu, ni mkaa.

Na hapa jamani nisimame kidogo, kwa sababu kuna mtu aliniuliza kama anaweza kuchukua mkaa wa kupikia akausaga akauweka kwenye chupa. Hapana. Mkaa wa kwenye filta umechomwa mara ya pili kwa mvuke wa joto kali mpaka ukatoboka vijitundu ambavyo macho hayavioni, kiasi kwamba gramu 1 tu ukizikunjua kuta za ndani zote unapata zaidi ya mita za mraba 500. Gramu moja! Klorini ikigusa hizo kuta inageuka hapohapo kuwa kloraidi, ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, haina harufu wala ukali. Vitu vingine vyenyewe havigeuki, vinang'ang'ania tu ukutani, na siku kuta zikijaa ndo mwisho, vinaanza kupita, na vingine vilivyonata zamani vinaweza hata kuachia vikarudi majini. Ndo maana katriji, kile kichupa cha mkaa unachokibadilisha ndani ya filta, ina umri wake. Ile ya jagi la kawaida ni kama lita 100 hadi 150 hivi, soma kwenye boksi, usinisikilize mimi.

Vitu gani hivyo vingine? Mwaka 1974 mkemia wa mamlaka ya maji ya Rotterdam kule Uholanzi, anaitwa Johannes Rook, alitangaza kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani na udongo yaliyoyeyuka kwenye maji ya mto inazaa vitu vipya, klorofomu ikiwa mmojawapo. Familia yake inaitwa trihalomethani. Huyu bwana kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha bia, huko alizoea kupima hewa inayokaa juu ya kinywaji ndani ya chupa, akatumia ujanja uleule kwenye maji. Hakuna aliyezitia hizo trihalomethani, zimejitengeneza zenyewe. Marekani kikomo chao ni mikrogramu 80 kwa lita kwa zile nne kubwa zikijumlishwa. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, sababu nzuri ya kutumia filta ya mkaa kwenye maji ya kunywa ni hizi, kuliko hata hiyo harufu mnayoilalamikia. Mkaa mzuri, ule ulioshindiliwa ukawa gogo gumu, unazikamata vizuri. Ule wa chembechembe kwenye jagi maji yanapita mbio, unakamata kidogo.

Lakini hakikisha basi kwamba mlinzi wako ni klorini kweli. Maana kuna pacha wake, kloramini.

Kloramini ni klorini iliyoolewa na amonia. Mamlaka nyingi kubwa zinaipenda kwa sababu inadumu njiani na inazaa trihalomethani chache. Harufu yake ni hafifu, unaweza usiijue kabisa. Na hapa ndo watu wanaanguka: unaacha maji wazi usiku kucha, kloramini ipo. Unachemsha dakika 5 za chai, kloramini ipo. Unapitisha kwenye jagi lako la mkaa, inapungua kidogo tu, maana mkaa unaivunja polepole mno, unahitaji mkaa mwingi na maji yaende taratibu, au ule mkaa maalumu uliotengenezwa kwa ajili yake. Mwenye samaki anajua, akibadilisha maji ya tangi la samaki bila kujua kwamba mamlaka imehamia kloramini, asubuhi samaki wote juu.

Sisi tukiinywa tumboni inavunjwa, haina shida kubwa kwa kiasi hicho. Ila kuna watu ambao maji hayapiti tumboni. Nani? Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Kikao kimoja cha dayalisisi kinatumia zaidi ya lita 100 za maji, na kati ya maji hayo na damu yao kuna utando mwembamba tu. Kloramini ikipita pale inapasua chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo wale kikomo chao ni miligramu 0.1 kwa lita, na wanafanyaje? Sikilizeni hapa maana ndo nilipotaka kuwafikisha. Wanaweka matangi mawili ya mkaa, moja nyuma ya jingine, na wanachukua sampuli katikati. Katikati! Hawasubiri mwisho. Kwa nini? Kwa sababu tangi la kwanza likichoka unataka kujua leo, wakati la pili bado linakulinda, sio ujue kesho kwa mgonjwa.

Sasa nikuulize wewe wa nyumbani. Filta yako imechoka lini? Umejuaje? Wengi mnajua filta imechoka siku maji yanapokataa kutoka. Mkaa hauzibi unapochoka, mkaa unachoka kimya, maji yanatoka vizuri kabisa, mengi, meupe, na klorini yote ndani. Nunua vile vikaratasi vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea, hakikisha vinapima klorini ya jumla pamoja na ile huru, yaani ambayo haijaungana na amonia, basi. Huru ikiwa karibu sufuri na jumla ipo juu, wewe una kloramini. Pima kabla ya filta, pima baada ya filta. Baada ikianza kuonyesha rangi, badilisha katriji hata kama tarehe haijafika.

Nahamia floraidi, na hapa najua nitagombana na watu.

Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs kule Marekani akakuta wenyeji meno yao yana madoa ya kahawia, mazito, hayatoki, lakini ajabu ni kwamba hayaozi. Alihangaika na hilo jambo miaka mingi. Jibu lilikuja 1931 kutoka kwa mkemia wa kampuni ya alumini, ndo wakajua ni floraidi kwenye maji, imetoka kwenye miamba. Nyingi inaharibu, kidogo inalinda. Basi Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuitia makusudi kwenye maji ya mji, miligramu 1 kwa lita. Mwaka 2015 Marekani wakapendekeza 0.7. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Na watu hawajaacha kubishana, mwaka 2025 jimbo la Utah likapiga marufuku kuitia, Basel kule Uswisi waliacha tangu 2003.

Mimi msimamo wangu? Kabla ya kubishana, uliza kwanza kwako inatiwa au haitiwi. Sehemu nyingi sana duniani hakuna anayeitia, iliyopo imetoka ardhini, na kwenye miamba ya volkano inaweza kuwa nyingi kuliko ambayo binadamu yeyote angethubutu kuitia. Sasa mtu anakasirikia mamlaka kwa floraidi ambayo hawajaitia, na mwenzake anakunywa maji ya kisima chenye mara nne ya kikomo anayaita maji ya asili. Iulize mamlaka yako ripoti ya maabara, ni haki yako na ni karatasi tu. Ikionyesha 0.3 au 0.4, kununua mashine kwa ajili ya hiyo peke yake mimi naona ni kujisumbua. Ikionyesha 2 au 3, na una watoto ambao meno ya ukubwani bado yanajitengeneza, hapo usingoje.

Utaitoaje? Mkaa wa kawaida hauitoi. Nasema mkaa wa kawaida hauitoi, hata ungekuwa wa bei gani. Kuchemsha ndo kabisa, kunaiongeza, kwa sababu maji yanapaa kama mvuke na floraidi inabaki, ukichemsha sufuria mpaka maji yakawa nusu umeifanya iwe mara mbili. Zinazoitoa ni njia chache. Mkaa wa mifupa, ambao ni kitu kingine na ule mkaa wa jagi. Alumina iliyoamilishwa, yaani chembe za madini ya alumini, nayo inataka maji yasiwe na magadi sana na yapite taratibu. Kutonesha mvuke, yaani unachemsha na kunywa ule mvuke uliopoa ukawa maji. Na ile osmosisi ya kinyume, ambayo nyote mnaiita RO.

RO ni nini? Unayasukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando ambao karibu kila kitu kilichoyeyuka kinakwama nyuma yake. Wazo lilishika pale chuo kikuu cha California, Los Angeles, kwa watafiti wakina Loeb na Sourirajan, na kufikia 1965 mji mdogo wa Coalinga, hukohuko California, ulikuwa unakunywa maji ya RO. Ni chombo kikali, kinatoa floraidi nyingi, madini ya risasi, naitreti, chumvi. Lakini kinatoa pia kalsiamu na magnesi ambazo hukuwa na ugomvi nazo, na mashine nyingi za nyumbani zinamwaga lita 3 hadi 5 ili upate 1. Hayo ya kumwaga yapeleke kwenye ndoo, deki nayo nyumba. Na kitu kimoja ambacho wauzaji wengi hawakisemi: klorini inaula ule utando. Ndo maana ndani ya mashine ya RO kuna katriji ya mkaa mbele yake. Sasa mtu anasahau kubadilisha kale kakatriji ka bei ndogo, klorini inapita, inautoboa utando wa bei kubwa, maji yanaendelea kutoka, floraidi inaendelea kupita, naye anaendelea kuwaambia majirani nina RO.

Shabu nitaipita haraka. Mtamboni wanatia shabu ili tope ligandane lizame, na ikifanya kazi yake vizuri karibu yote inazama na tope, haifiki kwako. Shida inakuja binadamu akikosea. Julai 1988, Camelford, Uingereza, dereva wa zamu alifika kwenye mtambo ambao hauna mtu, ana ufunguo unaofungua karibu kila kufuli, akamwaga tani 20 za shabu kwenye tangi lisilo lake, moja kwa moja zikaenda kwa watu kama 20,000. Maji yakawa makali, yakakwangua shaba kwenye mabomba, watu nywele zikageuka kijani, na maelezo ya wazi yalichukua zaidi ya wiki mbili kuwafikia. Jagi la mkaa lingesaidia? Hata kidogo. Maji yakibadilika ladha ghafla, yakawa machungu au yanauma ulimi, usiamini filta, funga koki, piga simu.

Na sasa nifike kwenye lile ambalo lilinifanya nikubali kuja. Kuna dawa inatiwa majini ambayo hamuijui na hamuinusi, nayo ni fosfeti. Kazi yake ni kupaka ukuta wa ndani wa bomba ganda jembamba ili maji yasiyeyushe madini ya bomba. Mtu akiisikia atasema na hiyo nayo itolewe, madawa yote yatolewe.

Ngojeni niwaambie Flint. Aprili 2014 mji wa Flint, Michigan, ulihamia maji ya mto wao wenyewe ili kuokoa pesa. Hawakuweka fosfeti wala kitu kingine cha kulinda mabomba. Maji yakaanza kula ganda la ndani, na mji una mabomba ya risasi ya zamani. Watu wakapeleka chupa za maji ya kahawia kwenye mikutano, wakaambiwa yako salama. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors pale mjini kikagoma kuyatumia, kwa sababu yanatia kutu vyuma vya injini. Mmesikia? Chuma kikahamishiwa maji mengine. Watoto wakaendelea kuyanywa mwaka mmoja zaidi, mpaka Oktoba 2015.

Na Washington, mji mkuu wao, walishapata lao kabla. Novemba 2000 walihama kutoka klorini kwenda kloramini ili kupunguza zile trihalomethani, nia njema kabisa, ila ganda lililokuwa limejijenga kwenye mabomba ya risasi lilitegemea klorini, kloramini ilipoingia ganda likayeyuka, risasi ikaja kwenye vikombe vya watu, na habari ikalipuka magazetini 2004. Dawa iliyowaokoa ilikuwa ipi? Fosfeti. Wakaitia Agosti mwaka huohuo.

Mnaona ninakowapeleka? Kilichotiwa mtamboni mara nyingi kinajulikana na kinapimwa. Kinachodhuru zaidi pengine kimeingia baada ya hapo, kwenye bomba la barabarani, kwenye maungio, kwenye koki yako ya shaba nyeupe yenye risasi ndani. Unanunua filta kwa hasira ya klorini halafu risasi inakupitia pembeni. Kama jengo lako ni la zamani, yaachie maji ya asubuhi yamwagike kidogo mpaka yabadilike yawe baridi, usitumie maji ya bomba la moto kupikia wala kukorogea mtoto maziwa maana ya moto yanayeyusha zaidi, na ukinunua filta soma namba. NSF ni shirika linaloweka viwango vya kupimia filta. NSF 42 maana yake imepimwa kwa mambo ya ladha na harufu, kama ya klorini. Basi, hapo ndo mwisho wake. NSF 53 ni ya mambo ya afya, lakini hata hapo lazima risasi iwe imetajwa kwa jina kwenye orodha. NSF 58 ni ya RO. Mtu akikwambia filta yake inatoa asilimia 99, muulize asilimia 99 ya nini. Akikosa jina, shika njia.

Tena tukiwa hapohapo kwa wauzaji. Kuna mchezo mnauona, nyie. Anakuja na glasi mbili, ya bomba na ya mashine yake, anatumbukiza kifaa chenye vyuma, anawasha umeme, dakika mbili ya bomba imekuwa tope la kahawia linatisha, ya kwake imebaki nyeupe. Mama mwenye nyumba anashika kifua, anatoa pesa. Lile tope halikuwemo kwenye maji! Lile ni chuma cha kifaa chake mwenyewe kinayeyuka. Maji ya bomba yana madini, yanapitisha umeme, chuma kinaliwa. Ya RO hayana madini, umeme haupiti, hakuna kinachotokea. Unataka kumkomesha? Chukua chumvi safi ya mezani, tia kidogo kwenye glasi yake nyeupe, mwambie awashe tena. Kaa pembeni uangalie uso wake.

Na kile kipimo cha TDS, kalamu ile yenye namba, nacho kinahesabu jumla ya chumvi zilizoyeyuka, nyingi ni kalsiamu na wenzake. Kinasoma kwa miligramu nzimanzima. Risasi inayotosha kukutia hofu ni miligramu 0.01 kwa lita, ile kalamu haiwezi kuiona, hata ikiwa mara 20 ya hapo haioni. Namba ikiwa 300 si sumu, namba ikiwa 20 si usalama.

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili.

Dada mmoja aliuliza kuhusu filta ya bafuni, anasema nywele zinakauka. Nilimwambia zipo zinazopunguza klorini huru, zilizopimwa zinabeba NSF 177, lakini maji ya bafuni yanapita kwa kasi na yana moto kwa hiyo asitegemee makubwa, na kloramini kwa pale zina kazi ngumu. Zile zenye vitamini C zinafanya kazi kwenye zote mbili ila zinaisha haraka. Dirisha la bafu liwe wazi pia, zile trihalomethani zinapanda na mvuke.

Mzee mmoja akauliza kama mashine ya kulainisha maji aliyonayo, ile ya kutia chumvi, si ndo filta tayari. Hapana mzee wangu. Ile inabadilishana kalsiamu na sodiamu ili sabuni itoe povu na birika lisifanye magamba. Klorini haigusi, floraidi haigusi. Na kama daktari alishakukataza chumvi, koki ya kunywea itoe kwenye bomba ambalo halijapita humo.

Wale mliotaka kupima: Jumamosi nitakuwa palepale ukumbini kuanzia saa nne. Njoo na chupa mbili safi za kioo, moja ya maji kabla ya filta na moja ya baada, ujaze mpaka juu asubuhi hiyohiyo, ufunge vizuri maana klorini inatoroka, na uandike kwa kalamu ipi ni ipi. Ripoti ya maabara ya mamlaka yako ukiwa nayo ije pia. Risasi sitapima mimi, hiyo inakwenda maabara, nitawaelekeza chupa ya kuchukulia na kwamba ni ya maji ya kwanza kabisa asubuhi kabla hata hujanawa uso.